Jumapili Mama Alipopiga Magoti

Mama alifika Dar es Salaam Alhamisi usiku, miguu imevimba kwa basi la kutoka Bukoba, na Jumapili yake tukaenda naye Misa ya pili. Alivaa gauni lake la kahawia lenye kola, kitenge juu, rozari mkononi. Tulikaa benchi la sita upande wa kushoto, chini ya feni.

Wakati wa Komunyo mstari wetu ulikwenda mbio kama kawaida. Nilikuwa nyuma yake. Alipobakiwa na mtu mmoja mbele, aligeuka akanipa rozari nimshikie. Sikuelewa kwa nini. Padre akainua hostia, akasema, "Mwili wa Kristo," na mama akaanza kushuka: goti la kulia, kiganja kikitafuta sakafu, goti la kushoto likifuata.

Hakufika chini.

Mhudumu anayepanga foleni, kijana mwenye utepe wa njano begani, aliruka hatua mbili akamdaka kiwiko. "Pole mama. Simama, mama, simama." Akamnyanyua mpaka akasimama wima. Padre alisubiri, kisha akampa Komunyo huku yule kijana bado kamshika mkono. Mama akajibu "Amina" kwa sauti ambayo nadhani niliisikia mimi tu.

Zamu yangu ikafika. Nikapokea nimesimama, rozari ya mama imenizunguka vidole.

Hii ni wiki ya saba. Nimeanza kuandika jambo hili mara nne na mara zote nimefuta.

"Pole"

Kilichonikaa kooni ni lile neno. Pole. Ndilo neno tunalomwambia mtu tunapomsogeza njiani bila kutaka ugomvi. Pole dada, pisha kidogo. Pole mzee, huku hakupiti watu. Nililisikia hivyo hivyo siku ile: pole mama, hapa kwetu hatufanyi hivyo, unachelewesha watu.

Jioni nilimuuliza mama kama amekasirika.

"Nikasirike nini?"

Akaomba chai ya tangawizi. Hakulizungumza tena mpaka siku aliyopanda basi kurudi, nami sikuthubutu kulifukua. Lakini nilimwona usiku ule akisali rozari kwenye kiti cha plastiki pale sebuleni, na alipofika kwenye Atukuzwe Baba alikuwa anainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Kila fumbo. Sijui ni lini mimi niliacha kuinamisha kichwa kwenye Atukuzwe. Sikumbuki siku wala mwaka. Mambo haya hayaagi.

Kwa Mukama

Nimelelewa Uhayani. Mtoto wa kike kwetu anajifunza kupiga magoti kabla hajajifunza kuhesabu: unamsalimia babu chini, unamkaribisha mgeni chini, unampa baba mkwe maji ya kunawa chini. Wengine siku hizi wanaipinga desturi hiyo, na kwa baadhi ya hoja zao nakubali, kwa sababu magoti ya wanawake yametumika pia kuwanyamazisha. Hilo nitaliandika siku nyingine.

Ninalotaka kusema ni kwamba tulijua magoti kabla ya mzungu. Wakama wa Kihaya, yaani wafalme wetu, walipigiwa magoti na watu wazima wenye mashamba na wajukuu. Na Wamisionari wa Afrika walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892 na kuanza kufundisha sala kwa Kihaya, jina alilopewa Yesu ni lile lile: Mukama. Mababu zetu hawakuhitaji somo la liturujia kuhusu mwili ufanye nini mbele ya mtu mwenye jina hilo.

Kwa hiyo ninaposikia hoja kwamba kupiga magoti mbele ya Sakramenti ni masalia ya Ulaya, kwamba Mwafrika anamwabudu Mungu kwa kucheza na vigelegele na hayo mengine ni ya kuletewa, nashindwa kunyamaza. Kucheza ni kwetu. Vigelegele ni vyetu. Misale ya Zaire, kitabu cha Misa cha nchi ambayo leo ni Kongo, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ina mwendo wa kucheza kuizunguka altare, na nimewahi kuona picha zake nikatamani ningekuwepo. Lakini kunyenyekea mpaka chini nako ni kwetu. Aliyetuambia tuchague kimoja ni nani?

Dakika ishirini na nane

Jumapili iliyofuata niliangalia saa. Naona aibu kuiandika, kwa sababu mtu hapaswi kwenda Misani na saa ya kupima, lakini nilitaka kujua kama kinachoniumiza kipo kweli au ninakitunga.

Baada ya Komunyo, padre alipokaa, kwaya ilikuwa bado inaimba wimbo wa tatu. Ulipokwisha nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Nilifika kumi na moja. Kisha ikasikika "haloo, haloo" ya kipaza sauti, na katibu wa halmashauri ya walei akaanza matangazo.

Yalichukua dakika ishirini na nane. Ujenzi wa ukumbi, jumuiya zipi zimekamilisha na zipi bado, bahasha za mavuno, sare za jubilei, lipa namba ya parokia ikarudiwa mara tatu tarakimu kwa tarakimu. Watu wakatoa simu kuandika namba. Wengine, kwa kuwa simu iko mkononi tayari, wakabaki nayo. Mtoto mbele yetu akaanza kutazama katuni bila sauti. Mwili wa Kristo ulikuwa bado haujamaliza kuyeyuka mdomoni, na sote tulikuwa tunapiga hesabu ya shilingi.

Sichukii michango. Kanisa hili nililokalia limejengwa kwa mifuko ya saruji iliyotoka kwa watu wanaouza mihogo, na sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 222, inatutaka tulitegemeze Kanisa. Nani atalipa umeme? Baba Mtakatifu? Nalijua hilo, na zaka yangu natoa.

Ila sekunde kumi na moja.

Mwongozo wa Misale, namba 45, unataka kimya baada ya Komunyo ili kila mtu amsifu Mungu na kusali moyoni. Unashauri hata kabla ya Misa pawe na kimya kanisani na sakristia. Kwetu muda huo ndio wa kujaribu spika.

Na kuna jambo zito kuliko saa. Miaka michache iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikisali wakati huo, alifariki mzee wa jumuiya yetu ambaye kadi yake ya michango ilikuwa na mapengo. Miaka miwili alikuwa hajiwezi, anageuzwa kitandani na mkwewe. Viongozi walikaa kikao kujadili kama azikwe na padre au na katekista, na kadi ilizungushwa mezani mkono kwa mkono. Mwishowe familia ilikopa, ikalipa, Misa ikafanyika. Kanuni ya 1181 inasema wazi kwamba katika mazishi kusiwe na upendeleo kwa mtu yeyote, na maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Niliijua kanuni hiyo baadaye. Kwenye kikao nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango, na sikusema neno.

Video za saa sita usiku

Katika wiki hizi saba nimelala kwa shida, na asiyelala ana simu. Nikaanza kutazama Misa ya Kilatini, ile ya kabla ya mwaka 1969, inayorushwa kutoka Marekani na Ufaransa. Ubani unapanda polepole, padre kawapa watu mgongo, wote wanaelekea upande mmoja. Mstari mrefu wa watu wamepiga magoti kwenye kizuizi cha mbao, padre ndiye anayetembea kuwafuata. Nililia mbele ya skrini. Niliwaza: mama angefika chini hapa, na asingekuwepo wa kumnyanyua.

Usiku wa tatu nilianza kusoma na kusikiliza wanayosema watu wa video hizo. Wengi wao ni wasali wazuri kuliko mimi. Lakini wapo waliojaa hasira, wanaomtaja Papa kama mtu anavyomtaja adui wa ukoo. Papa Benedikto wa 16 alikuwa amewafungulia mlango mwaka 2007, Papa Fransisko akaubana mwaka 2021, na jeraha lile linaonekana, sitalibeza. Hata hivyo nilipozima simu moyo wangu ulikuwa mchungu kuliko nilipoiwasha. Sikuwa nimesali. Nilikuwa nimekusanya ushahidi.

Nikaogopa. Nikajiuliza kama ninachokitafuta ni Mungu au ni kushinda kesi dhidi ya kijana mwenye utepe wa njano.

Bibi na Kilatini

Hapo nilimkumbuka bibi, mzaa mama, aliyefariki mimi nikiwa kidato cha tatu.

Wazazi wake walikaa katika mafundisho miaka minne kabla ya ubatizo. Miaka minne ilikuwa kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, wala haikupunguzwa kirahisi. Walitembea kwenda na kurudi na njaa, wakakariri katekisimu neno kwa neno, wakahojiwa. Bibi alikuwa akilisimulia hilo kwa fahari kama mtu anayetaja shahada.

Lakini nilipomuuliza Misa ya Kilatini ilikuwaje, alicheka.

"Padre alikuwa anasoma vyake, sisi tunasali rozari zetu. Kengele ikilia tunajua Mukama amefika, tunainama. Kengele ikinyamaza tunaendelea na rozari."

Nikamuuliza kama alisikitika lugha ilipobadilika. Alinitazama kama niliyeuliza upuuzi. Alisema Jumapili ya kwanza aliyosikia Injili kwa lugha anayoijua, na padre akiwatazama, alirudi nyumbani akiwa hana habari na njia, akapitiliza kwake.

Akapitiliza kwake! Mwanamke aliyeijua njia hiyo tangu utotoni.

Kwa hiyo siwezi kusimama upande wa video kwa miguu yote miwili. Kilichomfurahisha bibi ni kile ambacho wale wanakililia kama msiba. Nikaamua kurudi kwenye maandishi yenyewe ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu uliofungua njia ya mabadiliko hayo, hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, iliyopita kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Kardinali Laurean Rugambwa wetu, Mwafrika wa kwanza kuvikwa ukardinali, alikuwa askofu wa Bukoba miaka yote ya Mtaguso na miongoni mwa mababa wake. Nilitarajia kukuta mahali walipoandika kwamba tuache. Sikupakuta. Nilikuta lugha za watu zikiruhusiwa na Kilatini kikiagizwa kitunzwe. Nikakuta namba 30, inayowataka waumini washiriki kwa kuitikia na kwa nyimbo, na pia kwa matendo, ishara na mikao ya mwili. Sentensi inayofuata inadai kimya kitakatifu kwa wakati wake.

Nyimbo tumezichukua zote. Kimya na magoti tumeviacha kwenye karatasi, na hakuna Mtaguso uliotutuma.

Ofisini kwa paroko

Wiki ya tano nilikwenda kumwona paroko. Nilijiandaa kama naenda mahakamani: nilikuwa nimenakili kwenye daftari namba 91 ya maagizo ya Roma ya mwaka 2004, inayosema kwamba si halali kumnyima mwamini Komunyo kwa sababu tu anataka kupokea akiwa amepiga magoti au amesimama.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Akanikaribisha kiti. Nilimweleza habari ya mama bila kumtaja mhudumu, maana sikutaka kijana wa watu afukuzwe kazi ya kujitolea. Alisikiliza mpaka mwisho. Daftari sikulifungua.

"Mama yako yuko sawa kabisa," alisema. "Akija tena apige magoti, mimi nitasubiri."

Kisha akanieleza Jumapili yake. Misa nne, mapadre wawili, mmoja ana kisukari. Misa ya pili ikichelewa kutoka dakika kumi, watu wa Misa ya tatu wanasongamana getini na magari yanaziba barabara. Matangazo anayajua yanachosha, ameyapunguza mara mbili, na mara zote mbili michango imeshuka na ujenzi umesimama. "Usiku ndiyo napata kimya," alisema. "Nakwenda kukaa mbele ya tabernakulo saa tano, taa zikiwa zimezimwa. Mnaona nakimbia tu."

Sikuwa nimewahi kumfikiria padre wangu amekaa gizani mbele ya kisanduku kile kinachohifadhi Sakramenti.

Nilipoinuka kuaga aliniuliza, bila ukali wowote: "Na wewe dada, huwa unapokeaje?"

"Nasimama, Padre."

"Kwa nini?"

Nikasema foleni. Nikasema watu wa nyuma. Nikasema nguo. Alitikisa kichwa taratibu, akanipa baraka, nikatoka. Nilikaa kwenye bajaji njia nzima nikiwaza lile jibu lingine ambalo sikulitoa: naogopa wataniona najifanya mtakatifu. Ndiyo yote. Mama yangu ana miaka sabini na minne na magoti mabovu, hakuogopa. Mimi mwenye magoti mazima nilikuwa nyuma yake nikimshikia rozari.

Hofu hiyo bado ninayo. Nimejaribu kujitenga nayo kwa hoja kwamba Mungu anaangalia moyo. Ni kweli anaangalia moyo. Lakini nikimsalimia babu yangu nimesimama huku nikidai heshima iko moyoni, ukoo mzima ungenicheka, na babu angejua la kufikiri.

Saa kumi na moja na nusu

Jumapili iliyopita niliamka alfajiri kwenda Misa ya kwanza. Nilitaka kufika kabla ya spika. Nilifika saa kumi na moja na nusu, mlango wa pembeni uko wazi, ndani taa moja tu na ile nyekundu ya tabernakulo.

Kulikuwa na mtu anapiga deki.

Alikuwa yeye, yule kijana, bila utepe, suruali kaikunja mpaka kwenye mashavu ya miguu, ndoo pembeni. Alikuwa anatoka kushoto kwenda kulia mbele ya altare. Kila alipofika katikati aliweka mti wa deki chini, akageukia tabernakulo, akapiga goti mpaka likagusa vigae vibichi, akainuka, akaokota mti wake, akaendelea. Alivuka mara tatu nikimtazama kutoka nyuma ya nguzo. Mara tatu alipiga goti, na hakukuwa na mtu wa kumwona.

Nilisogea. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina, shikamoo dada. Marahaba.

"Mama amepona?" akauliza.

"Kupona nini?"

"Si alianguka Jumapili ile, kwenye Komunyo. Nilimwona anakwenda chini nikasema leo tena! Wiki moja kabla yake alidondoka mama mwingine hapo hapo, presha, akaumia paji la uso. Nimekuwa nikitaka kukuuliza, halafu unaniwahi kutoka."

Sikuwa natoka mapema. Nilikuwa namkwepa.

"Hakuanguka," nikamwambia. "Alikuwa anapiga magoti."

Alisimama na kitambaa cha deki mkononi, maji yakidondoka kwenye ndoo.

"Kupiga magoti?" akarudia, akageuka kutazama mahali penyewe, pale chini ya ngazi ya altare, kwenye vigae ambavyo alikuwa bado hajavifikia.